Mwaka Niliomwogopa Chui Asiyekuwapo

Wewe unayesoma haya ukiwa kwenye benchi la hospitali, kadi mkononi, ukihesabu vichwa vilivyo mbele yako, ninakuandikia wewe kwanza. Wengine wasome tu. Benchi hilo nimelikalia karibu mwaka mzima. Najua pale mbao zake zinapofinya mapaja, na najua unavyojifanya unasoma bango la chanjo ukutani ili usimtazame mtu machoni. Sogea kidogo, nikae.

Jina langu ni Chepkemoi, lakini nyumbani kwetu, karibu na Roret, naitwa Mama Chelangat kwa jina la kifungua mimba wangu. Ni mchuma chai kwenye shamba letu wenyewe. Mambo ya dawa na majina marefu ya magonjwa muulize daktari wako, mimi nitakwambia yaliyonipata tu. Tena nakuomba: kama moyo wako unakusumbua, nenda upimwe kwanza kama nilivyopimwa mimi. Usinisome badala ya kupimwa.

Ilinianza mwezi wa nne, mwaka wa 1995, mvua za masika zikiwa zimeshika. Nilikuwa kwenye kituo cha kununulia chai, nimesimama kwenye foleni ya mizani, kikapu kimejaa mbele yangu. Nilikuwa namtania jirani yangu Mama Kibet juu ya kofia mpya ya mumewe. Sikuwa na hasira wala wasiwasi wowote. Ghafla moyo ukaanza kukimbia. Sisemi kudunda, nasema kukimbia, kama ndama aliyeumwa na nzi. Vidole vikafa ganzi, koo likafunga, bati la kituo likaanza kushuka juu ya kichwa changu. Nikajua, kama ninavyojua jina langu, kwamba ninakufa pale pale, mbele ya karani, nikiwa nimevaa gambuti za mume wangu.

Sikufa, kama unavyoona. Nilipelekwa hospitali, wakanibandika waya kifuani, mashine ikachora mistari yake, na daktari akaniambia, "Mama, moyo wako uko sawa kabisa."

Nilikasirika. Labda wewe peke yako ndiye utakayenielewa hapo. Mtu akishakutana na kifo uso kwa uso, halafu aambiwe hana kitu, anajiona kama mwongo. Nilirudi nyumbani nikiwa na aibu ya kuwa mzima.

Baada ya juma moja kikarudi kile kitu, nikiwa kanisani. Kisha sokoni Roret, katikati ya wauza vitunguu. Nikaanza kukata mahali. Kwanza niliacha kwenda kituoni. Kanisani nikahama kutoka mbele hadi benchi la mwisho karibu na mlango, kisha nikabaki nje chini ya dirisha, kisha nikabaki nyumbani. Kufikia mwezi wa sita, mpaka wa dunia yangu ulikuwa geti letu la mbao.

Mwili nao ukabadilika. Sketi nilizishika kwa pini mbili, halafu tatu. Nywele zilitoka na kitana. Chakula kilinizunguka mdomoni bila kuteremka. Mikono, hii iliyozoea kuchuma majani mawili na chipukizi bila hata kutazama, ikawa inatetemeka nikishika kikombe. Siku moja nilijiona kwenye kioo cha Chelangat nikafikiri ni marehemu shangazi yangu amenitembelea.

Sasa nifike kwa mume wangu, na nitamwandika taratibu kwa sababu nampenda, na pia kwa sababu atasoma.

Baba Chelangat ni mzee wa kanisa, mtu mrefu, mpole, akimaliza neno moja, jingine linafuata kesho. Huku kwetu mke mgonjwa akionekana kati ya chai, aibu si yake. Ni ya mume. Watu watasema anamfanyisha kazi mpaka kaburini. Basi yeye, kwa mapenzi yote, akakichukua kikapu changu akakitundika darini kwenye stoo. Akaweka mapazia mazito chumbani. Akaniambia nipumzike.

Tulikuwa na kikundi, wanawake saba pamoja na mimi. Kila Jumanne na Ijumaa tulichuma kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kutwa kwa yule, tukiongea mpaka midomo inakauka. Baba Chelangat aliwasubiri getini akawaambia kwa heshima kwamba mgonjwa anahitaji kimya. Watu wa maombi nao akawazuia, kwa sababu siku moja kile kitu kilinishika wakiwa wanaomba, nao wakazidi kuomba kwa nguvu, nami nikazidi kushikwa, mpaka hatukujua nani aanze kunyamaza. Baada ya hapo watu waliniletea vibuyu vya mursik, yale maziwa yetu ya mkaa, wakaviacha getini kama wanaotoa sadaka. Nilikuwa na maziwa mengi kuliko ndama, na sikuwa na mtu wa kunywa naye.

Halafu kuna Cherono, kitinda mimba wangu. Cherono alizaliwa mbuzi wakirudi nyumbani, ndiyo maana ya jina lake, na mwaka ule alikuwa na miaka minne. Nikishikwa, alikuwa analala juu ya kifua changu kwa nguvu zote, akiweka kiganja mahali moyo unaporuka. "Mama, inakimbia," alikuwa anasema. Siku moja Baba Chelangat aliingia akamkuta amesimama mlangoni na kikombe cha maji, ananilinda, uso umekauka kama wa mtu mzima. Akasema, "Baba, usipige kelele. Mama anakufa kidogo."

Juma lililofuata wifi yangu Rusi alikuja kutoka Fort Ternan akaondoka naye. "Mpaka upone," waliniambia. Na mimi nilikubali. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba sikubishana. Nilimfunga kamba za viatu, nikampa chupa ya maziwa, nikarudi kitandani nikafunika uso. Lakini chini ya lile blanketi niliapa jambo moja: sitaletewa mtoto wangu kama kifurushi. Nitakwenda mwenyewe Fort Ternan, kwa miguu yangu, nimchukue.

Ningefikaje Fort Ternan na geti limenishinda?

Mwezi wa saba ulikuwa wa baridi na ukungu. Nililala nyuma ya mapazia nikisikia wanawake wakicheka kwenye shamba la jirani. Kadiri nilivyopumzika ndivyo nilivyozidi. Kile kitu kilinijia mara mbili, mara tatu kwa siku, hata nikiwa nimelala bila kufikiri lolote. Baba Chelangat akaongeza pazia jingine.

Mwezi wa nane, baada ya vipimo kwisha na mioyo yetu kuchoka, daktari alituelekeza kwa Sista Kemunto. Alikuwa muuguzi wa mambo ya akili, mzaliwa wa ng'ambo ya Chepilat, upande wa Nyamira, mwanamke mfupi aliyevaa sweta ya kahawia iliyotoboka kiwiko. Tuliingia watatu: mimi katikati, Baba Chelangat kushoto, na kulia mama mkwe wangu, ambaye sote tunamwita Kogo, yaani nyanya. Kogo alikataa kubaki nje. Alisema amekuja kuona kama hospitali inajua kuuliza maswali.

Sista aliuliza. Hakuandika chochote kwanza.

"Ikikushika, mwili unataka kufanya nini?"

"Kukimbia," nikasema.

"Kukimbia nini?"

"Hakuna kitu, Sista. Ndiyo maana naona kama nimerukwa na akili."

"Ngoja. Moyo unaenda mbio. Pumzi inakuwa nyingi. Chakula hakishuki, miguu inataka kuruka. Si ndiyo?" Nikaitikia. "Huo mwili hauna makosa, Mama. Huo ni mwili unajitayarisha kukimbia chui. Unafanya kazi yake vizuri sana. Ni chui tu ndiye hayuko."

Nilimtazama. Tangu mwezi wa nne, huyo alikuwa mtu wa kwanza kuniambia ninafanya kitu vizuri.

Akaeleza kwamba wako wasomi wanaochunguza jinsi akili ya binadamu ilivyojengeka zamani za kale, wakati watu walikuwa wachache na wanyama wengi, na kwamba bado tunatembea na akili ile ile, sokoni, kanisani, kituoni. Hapo Baba Chelangat akajikuna shingo. Nilijua kinachokuja.

"Sista, samahani. Mimi ni mzee wa kanisa. Kama hii ni ile maneno ya kusema tulitoka kwa nyani, tutatafuta hospitali ingine."

"Mzee, nyani simjui, sijamtaja," Sista akasema. "Mimi nakuuliza hivi. Zamani, watu wawili wako njiani, nyasi zinatikisika. Mmoja anasema, ah, ni upepo. Mwingine anakimbia. Mara nyingi ilikuwa upepo kweli, na huyo wa kukimbia alichekwa. Lakini siku moja haikuwa upepo. Sasa wewe, Mzee, ni mjukuu wa nani kati ya hao wawili?"

Baba Chelangat alichukua kofia yake gotini, akaizungusha mikononi.

"Wa yule alikimbia."

"Na miguu ya kukimbia alipewa na nani?"

"Na Mungu."

"Hapo tumekosana?"

"Hapo hapana," akasema, akarudisha kofia yake gotini.

Basi Kogo akaamka. Kiswahili cha Kogo amekifinyanga mwenyewe kwa mikono yake, mbuzi kwake ni mpusi na ndugu ni ntuku, na hakuna anayethubutu kukirekebisha. "Mimi najua chui," akasema. "Nilikuwa msichana, nachunga mpusi karipu na msitu. Ntuku yangu akasema kaa, hakuna kitu. Mimi nikakimpia. Chui akachukua mpusi mpili. Kama singekimpia, huyu" — akamgonga Baba Chelangat begani — "huyu hangesaliwa!"

Tulicheka. Mimi pia nilicheka, na sauti yangu ikanishtua, maana nilikuwa nimeisahau.

Lakini Sista hakumwachia Kogo hapo. Alisogeza kiti. "Kogo, ulipofika nyumbani, moyo unakimbia, walikufanyia nini?"

"Walinifanyia nini? Hakuna! Mama akanikalisha katikati. Wote wakakuja. Wakanipa masiwa. Wakacheka mimi, eti nilikimpia kama tigitigi." Kogo alimaanisha ndege wa kienyeji ambaye mpaka leo sijui jina lake. "Kesho asupuhi, tukarudi hapo hapo kuchunga, lakini wengi."

"Hawakukufungia kwa nyumba peke yako?"

"Peke yangu kwa nini? Nilikosa?"

Sista Kemunto alimtazama Baba Chelangat tu, kwa upole, na mume wangu akatazama sakafu. Hapo ndipo Sista alipotueleza jambo ambalo limenisaidia kuliko yote. Zamani zile, mtu aliyekuwa peke yake ndiye aliyeliwa. Mwili unalijua hilo hata kama sisi tumesahau. Mtu mwenye hofu ukimtenga na wenzake, kwenye giza la mapazia, bila jua, bila kazi, ile kengele ya ndani haisikii kwamba anapumzishwa. Inasikia kwamba ameachwa wazi. Inalia zaidi.

"Mumeo alikupenda," Sista akasema. "Ila alimpenda mtu wa siku hizi. Mwili wako ni wa zamani."

Vidonge nilipewa na daktari, nikavimeza kama nilivyoambiwa, na wewe meza vyako. Zaidi ya hapo Sista aliniagiza nitoke kwenye jua la asubuhi kabla ya kunywa chai. Nitembee. Nile na watu. Nichume na watu. Na kile kitu kikija nisikimbie. "Ukikimbia, kengele inajisifu kwamba imekuokoa. Kaa nayo. Ilie mpaka ichoke. Itajifunza, lakini ni mwanafunzi mgumu."

Tulirudi nyumbani jioni. Asubuhi iliyofuata nilimwona Baba Chelangat amepanda ngazi kwenye stoo. Alishusha kikapu changu, akakipangusa utando wa buibui kwa leso yake ya Jumapili. Kisha akavaa koti, akaenda nyumba kwa nyumba, nyumba zote sita, akisimama uani kofia mkononi. Nililetewa habari baadaye na kila mmoja wao, maana hakuna aliyekubali kunyimwa raha ya kusimulia. Aliwaambia, "Nilikosea. Mama Chelangat anataka watu."

Mama Kibet alimjibu, "Baba Chelangat, ulitufukuza kama kuku, na sasa unatuita kama kuku."

"Ndiyo," akasema. "Njooni tu."

Jumanne wakaja. Jua lilikuwa limetoka, majani yana umande, aproni za plastiki zinapiga kelele tunapotembea. Sikufika hata nusu ya mstari kile kitu kikanijia. Mikono ikafa. Nikatafuta nyumba kwa macho. Mama Kibet, ambaye alikuwa ameelezwa habari yote ya chui, alisogea mpaka bega lake likagusa langu, na hakuacha kuchuma.

"Amekuja?" akauliza.

"Amekuja."

"Ni mkubwa?"

"Mkubwa."

"Wacha asimame. Sisi tunachuma."

Akaendelea na hadithi ya mbuzi wa mumewe aliyekula kitambaa cha mezani. Nililia huku nikichuma. Nadhani siku ile nilichuma majani matano na matawi yake, karani angenifukuza. Lakini sikukimbia. Kabla hadithi ya mbuzi haijaisha, yule chui alikuwa ameondoka, na mimi nilikuwa nimesimama kwenye chai yangu, nina njaa.

Tangu hapo tukamwita chui wa Kogo. Watu wa nyumbani walimuulizia kama mgeni. "Chui alikuja leo?" "Alikuja, akakaa kidogo." "Ulimpa chai?" Usicheke. Kitu kikishapata jina la utani nyumbani, hakiwezi tena kukutawala kama zamani.

Nisikudanganye kwamba ilikuwa mteremko. Kufikia kliniki ya pili niliweza kwenda hadi darajani. Kufikia ya tatu, mwezi wa kumi, siku ambayo mvua ya mawe ilipiga chai ya kijiji kizima ikabaki mifupa, nilikuwa nimefika kituoni mara moja, nikakimbia, nikaacha kikapu kwenye foleni. Nilirudi nyumbani kutoka kliniki nimevunjika moyo kabisa.

Jioni ile Baba Chelangat aliniambia kitu ambacho alikuwa nacho mfukoni kwa siku nyingi. Rusi alikuwa ameongea na mwalimu wa nasari kule Fort Ternan. Mwezi wa kwanza Cherono angeanza shule huko.

"Mpaka wewe upate nguvu," akasema. "Mwaka mmoja tu."

Mwaka mmoja tu! Nilimtupia maneno ambayo siwezi kuyaandika, na mengine yalimhusu dada yake, ambaye hakuwa na kosa. Nilimwambia ameniuza. Nilimwambia anataka nife ili apumzike yeye. Alisimama pale, mtu mzima mrefu, mikono imening'inia, kisha midomo yake ikaanza kucheza.

"Mimi pia naogopa," akasema. "Ukianguka, mimi nitafanya aje? Nikiona umeshika kifua, naona kama ardhi imeondoka. Nataka kila kitu kikae kimya. Nataka mtoto asione. Unafikiri ni wewe peke yako?"

Katika miaka kumi na sita ya ndoa sikuwa nimewahi kumwona analia. Nilimkalisha kwenye kitanda. Hasira yangu ilikuwa bado ipo, lakini ilikuwa imekosa pa kukaa.

Kliniki iliyofuata nilimsimulia Sista haya, nikidhani atanipa pole. Akaniuliza, "Na chui wa Mzee, nani anakaa naye?"

Niliwaza swali lile njia nzima. Mapazia, geti, kumpeleka mtoto mbali, kile kimya chote: huko kulikuwa ndiko kukimbia kwake. Alikuwa anakimbia kwa ajili yetu sote, maskini, akitubeba mgongoni. Kuanzia siku ile, kila nilipokwenda kujaribu kituoni tulikwenda wote wawili. Yeye alisimama kwenye foleni na wanawake, kofia kichwani, akisikiliza mambo ambayo mzee wa kanisa hapaswi kuyasikia. Chui akija, nilimtazama mume wangu. "Na wako amekuja?" "Wangu pia," alikuwa anajibu kwa sauti ya chini. Tukasimama.

Mwezi wa kumi na moja, mvua za vuli zikipungua, nilisimama foleni nzima mpaka kikapu changu kikaning'inizwa kwenye mizani. Karani akainua macho. "Mama Chelangat! Ulipotea sana."

"Nilikuwa mbali," nikamwambia. "Weka vizuri hiyo mizani."

Kabla ya Krismasi tukaenda Fort Ternan.

Njia inateremka kutoka kwenye baridi yetu kwenda kwenye joto, na mwili wangu haukulipenda joto lile. Chui alipanda gari nasi mapema, akakaa kifuani njia nzima. Nilitaka kumwambia dereva asimame. Nilitaka sana. Baba Chelangat aliweka mkono wake juu ya wangu, hakusema pumzika, hakusema pole. Alisema, "Bado tunaenda." Nami nikasema, "Bado."

Nyumba ya Rusi iko karibu na reli. Uani walikuwa wameanika mahindi kwenye turubai. Rusi alitoka akipiga vigelegele, na nyuma yake akatoka Cherono.

Alikuwa amerefuka. Nywele zake zilisukwa mtindo nisioujua. Nilifungua mikono, nimengoja miezi sita kuifungua, na mtoto wangu akanitazama: mwanamke mwembamba, sketi imeshikwa na pini, jasho usoni. Akarudi nyuma. Akajificha nyuma ya gauni la shangazi yake.

Sijui kama nimewahi kuumia hivyo, hata siku ile ya kwanza kituoni. Moyo uliondoka mbio.

"Cherono, wacha ujinga!" Rusi akasema, akimvuta kwa mkono. "Si ni mama! Enda umsalimie mama!" Mtoto akaanza kulia, akishika lile gauni kwa vidole vyote.

Na mimi nikamwona vizuri. Macho yamefunguka, pumzi ya juu juu, miguu tayari kuruka. Nilimjua huyo. Nilikuwa nimekaa naye miezi minane.

"Mwache, Rusi," nikasema. "Usimsukume. Anafanya vizuri."

Nikaketi chini kwenye turubai, pale pale uani, nikachukua hindi nikaanza kulipukuchua. Sikumwita. Sikumtazama sana. Baba Chelangat alinitazama mara moja, akaelewa, akavua koti lake la safari, akaketi kando yangu na hindi lake. Rusi alishika kiuno. Hakuwa amewahi kumwona kaka yake akipukuchua mahindi tangu azaliwe, na kwa kweli alikuwa analiumiza lile hindi.

Punje zikaanza kulia kwenye beseni. Nikasimulia, bila kumsimulia mtu yeyote, habari ya mbuzi wa Mama Kibet aliyekula kitambaa cha mezani. Kilio kikapungua. Kwa pembeni ya jicho nikaona gauni limeachwa, mtoto ameshika nguzo ya mlango. Halafu yuko kwenye ukingo wa turubai. Nilipofika mahali mbuzi anafukuzwa na ufagio, akauliza kwa sauti ndogo, "Alipigwa?"

"Hakupigwa. Alikimbia."

Akaja, akaketi akinipa mgongo kwanza, mgongo wake ukagusa ubavu wangu. Baada ya muda akageuka, akaweka kiganja chake kifuani kwangu, mahali pale pale.

"Mama, inakimbia."

"Najua. Hata yako inakimbia."

Akaweka kiganja kingine kifuani kwake, akasikiliza, uso umekauka kama siku ile aliponilinda mlangoni. "Tunakufa kidogo?"

"Hapana. Hatufi."

"Sasa tufanye aje?"

Nikampa hindi dogo. "Tunakaa hapa na baba," nikamwambia. "Pukuchua."